Usiguse: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Makumbusho na Mambo ya Kale

Kwa wakurugenzi, wahifadhi na nyote mnaoshika funguo za makabati ya kioo, bara, visiwani na kwa jirani zetu wa Kenya,

Waheshimiwa, salaam.

Mwaka jana nilipeleka wanafunzi makumbusho. Sitasema ni yapi, kwa kuwa mlinzi aliyekuwa zamu ni kijana wa adabu aliyefanya alichoagizwa, na kwa kuwa yangeweza kuwa makumbusho yoyote. Wanafunzi walikuwa 31. Sita hawaoni, watatu ni viziwi, na mmoja ana ualbino, husoma karatasi pua ikikaribia kugusa herufi. Mtembeza wageni alianza kwa sauti nzuri, ya redio kabisa. “Kama mnavyoona, hiki ni chungu cha kupikia.” Tukasogea. “Kama mnavyoona, hizi ni shanga.” Nikaanza kuhesabu, maana mtu asiyeona mahali pa namna ile hana shughuli nyingine. Tulipofika chumba cha tatu alikuwa ametimiza “kama mnavyoona” ya 14.

Binti mmoja wa kidato cha pili, asiyeona tangu kuzaliwa, alikuwa amenishika kiwiko. Alipitisha kiganja kabati baada ya kabati, kisha akaninong'oneza, “Mwalimu, mbona vitu vya zamani vyote ni kioo?” Kwake makumbusho mazima yalikuwa kitu kimoja, baridi, chenye kona za alumini. Mabaharia, wafua chuma, masultani na watumwa wao, wote wana umbo moja la mstatili. Mlinzi akaja na kumwambia kwa upole, “Dada, usiguse tafadhali, utaacha alama.”

Nimelibeba neno hilo la alama mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike.

Mimi ni mwalimu wa historia mkoani Lindi. Nilizaliwa nikiona. Presha ya macho ilininyang'anya kidogo kidogo, na nilipofika miaka 33 ilikuwa imemaliza kazi yake. Kwa sababu hiyo Kilwa Kisiwani nimekwenda mara mbili nikiwa watu wawili tofauti. Mara ya kwanza nilikuwa mwanachuo mwenye macho na kamera ya kuazima. Nakumbuka jua kali, nakumbuka pweza tuliyekula, na nakumbuka kuta. Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani, niliiona na nikaandika kwenye daftari neno moja: “bwawa”.

Mara ya pili nilikwenda na mpwa wangu na fimbo nyeupe. Mzee mmoja wa kisiwani, anayeyajua magofu yale kama mtu anavyolijua shamba la babake, alinishika mkono tangu tulipotoka kwenye boti. Ndani ya Msikiti Mkuu akaniambia, “Piga makofi, mwalimu.” Nikapiga. Sauti ikazunguka juu yangu na kunirudia kichwani, kama nimesimama ndani ya mtungi. Akanisogeza hatua chache. “Piga tena.” Safari hii sauti ilikwenda zake mbinguni na haikurudi. Nikajua kuba limesimama wapi na paa limeporomoka wapi. Kule Husuni Kubwa mpwa wangu alinikamata shati kwa nyuma, nami nikalizunguka lile bwawa nikipapasa ukingo kwa fimbo, nikihesabu pande. Ni nane. Nilipokuwa na macho sikuhesabu.

Tulipokuwa tukirudi ufukweni, mzee akaokota kigae na kunipa. Nje kilikuwa na ukwaruzo wa masizi, ndani kilikuwa laini. Chini kidogo ya mdomo wa chungu, ukucha wangu ukatumbukia kwenye mistari iliyochorwa na ncha kali udongo ukiwa bado mbichi: pembetatu, pembetatu nyingine, na nyingine. Pembetatu hizo ndizo wanaakiolojia wanazozitumia kutambua vyungu vya takriban karne ya 7 hadi ya 10 katika pwani yote hii, kuanzia upande wa Lamu hadi Msumbiji. Nilikuwa nimezifundisha miaka mingi kutoka kwenye kitabu. Pembetatu moja ilikuwa imepinda, mkono wa mfinyanzi uliteleza. Nikaweka kidole changu palepale ulipoteleza wake. Kisha mzee akakichukua kigae na kukirudisha mchangani pale alipokitoa, kwa kuwa sheria ya mambo ya kale anaijua kuliko wageni wengi.

Sasa niambieni, aliyeacha alama ni nani?

Ninyi wenyewe mnajua kwamba akiolojia ni kazi ya mikono. Nendeni kambi yoyote ya uchimbaji mkaangalie. Mtu wa kigae hukisugua kwa gumba kujua kama udongo wake ulichanganywa na mchanga au na makombe ya pwani yaliyopondwa. Mtu wa chekecheke huamua kwa vidole kipi ni kokoto na kipi ni jino. Wapo hata wanaogusisha ncha ya ulimi, kwa kuwa mfupa mkavu hunata na jiwe halinati. Maarifa yote yaliyo kwenye lebo zenu yaliingia kupitia ngozi ya mtu. Halafu kitu kinafika makumbusho, kinafungiwa, na ngozi inaambiwa sasa basi, kazi imebaki ya macho.

Desturi hii hatukuizua sisi. Tuliirithi pamoja na majengo, kutoka Ulaya, kwenye kumbi za sanamu za marumaru za Wagiriki na Warumi ambako mgeni hufunga mikono nyuma na kunong'ona. Na huko huko kulikuwa na watu walioona kasoro mapema. Lorenzo Ghiberti, fundi wa sanamu wa Florence, Italia, wa karne ya 15, yule wa milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo, aliandika juu ya sanamu ya kale aliyoichunguza kwamba ilikuwa na uzuri mwingi ambao jicho halikuupata, si kwa mwanga mkali wala kwa mwanga hafifu. Mkono ndio uliougundua. Aliyasema hayo mtu mwenye macho mazuri mno, aliyeishi kwa kazi ya macho.

Waliotuachia desturi wenyewe wameanza kuilegeza. Athens, mtaa wa Kallithea, tangu mwaka 1984 yako makumbusho ya kugusa yaliyoanzishwa na taasisi ya wasioona ya Ugiriki. Ndani yake mna nakala za sanamu mashuhuri za nchi ile kwa ukubwa wa zile za asili. Yumo mungu wa shaba aliyeopolewa baharini karibu na rasi ya Artemision kati ya mwaka 1926 na 1928, mrefu zaidi ya mita mbili, mikono ameitanua kama mtu anayerusha mkuki. Wataalamu bado wanabishana kama ni Poseidon au Zeus, maana alichokishika kilipotea. Asiyeona anaweza kuanza kwenye kidole cha mkono mmoja, akatembea na mkono, bega, kifua na bega la pili mpaka kidole cha mkono wa pili, na akifika huko ubishi ule ataujua kuliko aliyesimama mbali na kamba. Yumo pia mwendesha gari la farasi wa Delphi, ambaye vazi lake lina mikunjo iliyonyooka kama mifereji ya nguzo za hekalu.

Ancona, Italia, hadithi yake naipenda zaidi. Aldo Grassini na mkewe Daniela Bottegoni, wote wawili hawaoni, walikuwa wasafiri wakubwa, na wakachoka kusafiri mbali kote kwenda kukatazwa kugusa. Mwaka 1993 mji wao ulikubali wazo lao la makumbusho ya kugusa, na Museo Omero yakafunguliwa. Mwaka 1999 bunge la Italia likayafanya makumbusho ya serikali kwa sheria. Mna nakala za plasta za sanamu za Kigiriki na Kirumi, na mifano ya majengo kama Parthenon, lile hekalu la Athens, ambayo mikono miwili inaweza kuizunguka yote kwa mara moja. Jengo lenyewe, lile la pembe tano pale bandarini, lilijengwa karne ya 18 liwe karantini ya watu na mizigo iliyotoka kwenye meli zilizoshukiwa kuwa na maradhi. Nyumba iliyojengwa ili watu wasigusane ndiyo iliyogeuka nyumba ya kugusa. Sikulitunga hilo.

Najua mtasema ni Ulaya, wana hela. Subirini kidogo, kwenye hela nitafika. Kwanza hoja ya uharibifu, kwa kuwa hiyo ni ya kweli na siidharau. Jasho la vidole lina chumvi na mafuta. Shaba huliwa taratibu, pembe hubadilika rangi, kitambaa ndio usiseme. Siwa ya Pate, ile ya pembe za ndovu, msinipe mkononi, hata nikililia. Ila siwa ni baragumu, waheshimiwa! Iliundwa ili isikike mji mzima, harusini na siku ya kutawazwa mkubwa. Mtu mwenye macho anayeitazama ndani ya kioo, kimya, naye kanyimwa siwa kama nilivyonyimwa mimi. Rekodi ya sauti ya dakika moja, kitufe kimoja pembeni, na wote wawili tutakuwa tumefika makumbusho.

Na si kila kitu ni pembe. Katika ukumbi wa sanamu za Misri kule British Museum, wageni wasioona huruhusiwa kugusa baadhi ya mawe ya asili kabisa, kwa kuwa itale iliyovumilia miaka elfu tatu haitaondoka kwa viganja vilivyonawa. Sisi tuna nini kigumu? Tuna matumbawe yaliyochongwa, mawe ya kusagia, vipande vya kaure, na mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuri, ambayo mtoto akiyashika mara moja tu, uzito ule na makali yale, hatauliza tena kama mababu walifua chuma kweli. Tuna vipande vya milango ya nakshi. Stoo zenu zina magunia ya vigae visivyo na mdomo wala nakshi, vilivyookotwa juu ya ardhi, ambavyo havijulikani vilitoka tabaka gani na hakuna mtafiti atakayevifungua tena. Naomba magunia hayo. Tena si yote, sinia moja linatosha.

Kuna jambo la Laetoli linalonichekesha kila ninapolifundisha. Nyayo zile za mababu wa binadamu kule Ngorongoro, za miaka milioni 3.66, zilizogunduliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zilifukiwa upya katika miaka ya 1990 ili zisiharibiwe na mvua na mizizi ya miti. Ni uamuzi mzuri. Lakini maana yake ni kwamba mgeni anayekwenda kuzitazama anatazama nakala. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, nalo nakala zake zimesambaa duniani kote. Plasta haina miaka milioni tatu. Ikichakaa, kalibu ipo, inamiminwa nyingine. Basi hiyo nakala mnailinda dhidi ya nani? Ilazeni chini, muwaache watoto wavue viatu wakanyage ndani ya unyayo. Mmoja wa walioziacha alikuwa na mguu mdogo, utamtosha mwanafunzi wa shule ya msingi. Wanaoona nao watapanga foleni, mtaona.

Hela sasa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umekwisha kupima kwa skana za leza magofu ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na nyayo zenyewe za Laetoli. Vipimo vipo. Kutoka kwenye vipimo hadi mfano wa Msikiti Mkuu wa ukubwa wa meza ya kahawa ni printa ya 3D na siku chache, na printa hizo vijana wetu mijini wanazo, wanachapia vishikio vya simu. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni ndogo kiasi kwamba hata wenye macho hukodoa. Chapeni moja kwa ukubwa wa sahani, maandishi ya Kiarabu yainuke, na watu wajue kwa kidole kwamba maneno ya upande mmoja yanafanya kina na ya upande wa pili. Walitia ushairi kwenye chenji, wazee wale!

Au mtepe, ile mashua yetu ya kale ya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Msafiri mmoja aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1, kwenye kile kitabu kinachoitwa Periplus, aliutaja mji wa Rhapta katika pwani yetu na kusema jina hilo limetokana na mashua zake za kushonwa. Humo bandari yetu imeandikwa kwa jina, na jina lenyewe ni mshono. Mshono! Mtaueleza kwa picha? Mpeni fundi wa Lamu au Unguja mbao mbili na kamba ya makumbi, azitoboe, azishone kama zamani, muziweke mezani. Gharama yake haifiki posho za kikao kimoja cha kujadili kwamba hakuna fedha.

Nimesema sana ya kwetu wasioona, na viziwi wangu watanisuta. Siku ile kijana wangu mmoja kiziwi, mchoraji mzuri kuliko wote shuleni, alisimama mbele ya kabati huku mtembeza wageni amempa mgongo, anaongea na kioo. Mkalimani hakuwepo. Mimi na kijana huyo huwa tunaongea kwa simu: yeye anaandika, simu inanisomea, mimi nasema, simu inamwandikia. Akaandika, “Mwalimu, anasema nini?” Nikarudia maneno ya mtembeza wageni, simu ikasikia mwangwi wa ukumbi, na kila “Kilwa” ikaandika “kilo”. Akawa na sultani wa kilo na sarafu za kilo. Alicheka mpaka nikamsikia. Kisha akaandika swali la maana: “Hapa walikaa watu gani?” Lebo ilikuwa ndefu, ya Kiingereza, imejaa karne na aina za udongo, na jibu la swali lake halikuwamo.

Kiziwi aliyesomeshwa kwa lugha ya alama, hata Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili. Anahitaji video fupi zenye mtu anayeongea lugha yake, aelekeze simu kwenye msimbo nayo imfungulie. Na aliye kwenye video awe kiziwi mwenyewe. Msiazime video za Kenya mkazileta Dar es Salaam wala kinyume chake, kwani hizo ni lugha mbili. Kwa maneno kama “akiolojia” au “tabaka la udongo”, kaeni na viziwi wenyewe wachague alama. Wakalimani wasibuni kitu mezani usiku wa kuamkia uzinduzi. Mengine hayana bei: mtembeza wageni ageukie watu, taa impige usoni, aonyeshe kwanza ndipo aseme. Lebo iwe na herufi kubwa nyeusi kwenye nyeupe. Yule mwanafunzi wangu mwenye ualbino aliniambia lebo zilikuwa za dhahabu kwenye kahawia, taa inarudi kwenye kioo, na kwamba alichokisoma vizuri siku ile ni neno “Choo”.

Kuna hatari ya kufanya jambo kwa ajili ya picha, nayo naomba niitaje. Niliwahi kualikwa mahali, miaka ya nyuma, kuzindua bango la nukta nundu, maandishi yetu ya kusoma kwa vidole. Wakubwa wakahutubia, kamera zikalia, nikaongozwa mbele kusoma. Nikapapasa juu, nikapapasa chini. Bango lilikuwa laini kama sahani ya udongo wa China. Nukta zilikuwa zimechapwa kwa wino. Mtu alikuwa amepiga picha ya ukurasa wa nukta nundu na kuupeleka kwa mchapaji. Nilifanya nini? Nilitabasamu, nikasema “ahsanteni sana”, na aibu ile sijaisamehe hadi leo, yao na yangu. Tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi ile hakuna asiyeona aliyewahi kuulizwa.

Sheria nitazitaja harakaharaka, mnazo ofisini. Kifungu cha 30 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu kinataja makumbusho kwa jina. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga sheria yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo imeifanya lugha ya ishara kuwa lugha rasmi ya Bunge. Lakini sijawahi kuona kifungu kikifungua kabati. Wenye funguo ni ninyi.

Ninachoomba kwa mwaka huu ni meza moja katika kila makumbusho. Meza ya mbao ya kawaida, isiyoyumba, yenye kitambaa kizito juu ili kitu kisigonge. Juu yake kuwe na vitu kumi vilivyochaguliwa na mhifadhi pamoja na mtu asiyeona, na nukta nundu zinazopanda kweli. Pembeni kuwe na beseni, maji na sabuni, tunawe kabla. Pete na bangili tutavua. Na akae mtu mezani hapo wa kueleza. Wapo wasioona waliosoma historia hadi chuo kikuu na hawana ajira, ninaweza kuwaletea. Mkiona vimechakaa baada ya mwaka, vibadilisheni na sinia jingine kutoka stoo.

Tutarudi mwezi wa nane, safari hii tukiwa na wanafunzi 40 hivi. Binti yule sasa yuko kidato cha tatu. Nimemwambia ninawaandikia, naye ameshaniuliza kama kucha zake zitakubalika. Nimemwambia azikate. Naomba mlinzi atakayekuwa zamu apewe taarifa mapema.

Wasalaam,
Mwalimu wa historia, Lindi